Usiuziwe Uchawi: Vile Utachagua Waya za Spika Bila Kumwaga Doo

Uko na sistimu kwa keja. Inaeza kuwa amplifaya ya ex-UK na spika mbili kubwa za mbao, ama ile hufa mpya iliyotoka kwa boksi na vispika vyake vidogo. Ngoma zinalia, majirani wanajua Jumamosi yako inaanza saa ngapi, lakini kuna kitu hakijakaa fiti. Besi imelegea, ama spika ya kushoto iko chini kuliko ya kulia.

Unafika Luthuli Avenue. Msee wa duka anaskia shida yako, anatoa waya nene kama kamba ya kufunga ng'ombe, inang'aa, imeandikwa maneno makubwa makubwa. "Boss, hii ndio itakupea sauti ya klabu." Bei ya mita moja ni lunch yako ya wiki nzima.

Kabla utoe simu ulipe, tulia kwanza. Hii story ya waya za spika iko na ukweli ndani yake, na pia iko na uongo mob. Ukijua vitu vichache tu, hakuna mtu atakucheza tena. Na kuna moja kati ya hivyo inaeza kukuokolea amplifaya, ama hata nyumba.

Kazi ya waya ni moja tu

Amplifaya inasukuma umeme uende kwa spika, umeme unarudi, unaenda tena. Noti ya chini ya besi inafanya hivyo kama mara 40 ama 50 kwa sekunde. Ile sauti kali ya juu kabisa yenye sikio la kijana linaeza kushika ni karibu mara 20,000 kwa sekunde. Umeme huo unasukuma koni ya spika mbele na nyuma, koni inasukuma hewa, na hewa inafika kwa sikio lako. Hiyo ndio ngoma.

Hapo katikati waya haiongezi kitu. Haina besi ndani yake, haina utamu, haina "sauti ya klabu". Fikiria broker wa nyanya kati ya shamba na soko. Hawezi kuongeza nyanya kwa kreti, anaeza tu kukata chake. Waya mzuri ni broker anayekata kidogo sana hadi huwezi jua alipita hapo.

Kile waya anakata kinaitwa ukinzani, na kinapimwa kwa ohm, ile alama ya Ω. Spika yako pia iko na ohm zake, zimeandikwa nyuma kwa stika: mara nyingi 8, 6 ama 4, na vispika vya hizi sistimu za boksi moja vinaeza kushuka hadi 3. Kama ohm za waya ni chache sana ukilinganisha na za spika, uko sawa. Zikianza kukaribiana, waya anakula umeme wako na kuugeuza joto la bure.

Ukinzani wa waya unatokana na vitu vitatu: unene, urefu, na metali iliyo ndani. Ni hivyo tu. Rangi, jina na boksi la velveti havimo.

Hesabu ya mfukoni

Watu wa sauti wako na kipimo kimoja cha zamani: ohm za waya zisipite asilimia 5 ya ohm za spika. Ukikaa chini ya hapo, unapoteza chini ya nusu desibeli, na hiyo hata DJ mwenyewe hataiskia kwa sebule yako.

Sasa, si lazima ufanye hesabu ndefu. Unene wa waya unapimwa kwa milimita mraba, na huwa umechapishwa kwa ganda la plastiki: 2x0.75, 2x1.5, 2x2.5. Chukua hiyo namba ya pili, izidishe mara 10. Hizo ndizo mita za mwisho za waya safi ya kopa kwa spika ya 8 ohm. Hivi:

- Waya ya 0.5: mita 5
- Waya ya 0.75: mita 7 na nusu
- Waya ya 1.0: mita 10
- Waya ya 1.5: mita 15
- Waya ya 2.5: mita 25

Kama spika yako ni ya 4 ohm, gawa kwa mbili. Yaani 1.5 inakupeleka mita 7 na nusu, na 2.5 inakupeleka mita 12 na nusu. Urefu tunaoongelea ni kutoka nyuma ya amplifaya mpaka kwa spika moja. Kwenda na kurudi kwa umeme tayari kumehesabiwa.

Hebu tuweke hii kwa keja za kweli. Wewe uko bedsitter Roysambu, kabati ya TV iko hapa, spika ziko pembeni, mita 3 kila upande. Hata waya ya 0.75 inatosha kabisa. Chukua 1.5 kama unataka kulala bila mawazo. Yule msee akikuambia bila 4.0 hakuna sauti, mwambie asante, endelea na safari.

Lakini sasa wewe umehamia nyumba kubwa kiasi, unataka spika mbili za nyuma kwa sofa, waya inazunguka ukuta mita 8, na spika ni za 4 ohm. Ukitumia waya ya 0.5, ohm za waya zinafika karibu 0.6. Hiyo inamaanisha spika inapata karibu robo pungufu ya nguvu ile ingepata. Robo ya wati si robo ya sauti, sikio lako litaskia tu kama mtu ameshusha volyumu kidogo. Lakini ni hasara, na tena haishuki sawa kwa noti zote, juu ohm za spika hubadilika vile noti inapanda na kushuka. Hapo ndio utaskia mtu akisema "besi imelegea". Weka waya ya 2.5 kwa safari hiyohiyo na hasara inashuka hadi kama asilimia 6. Umesolve.

Kwa hivyo ndiyo, waya inaeza kubadilisha sauti. Inabadilisha wakati ile ya zamani ilikuwa nyembamba sana kwa safari ndefu. Zile waya za bure zinazokuja na sistimu za boksi mara nyingi ni nyembamba hata kuliko 0.5. Kwa mita 2 haina noma. Kwa mita 8, badilisha.

Kitu kingine: waya zingine zinatoka nje na kipimo cha Kimarekani kinachoitwa geji, AWG. Hiki kinaenda kinyume, namba ikiwa ndogo waya ni nene. Geji 18 ni kama 0.8, geji 16 ni kama 1.3, geji 14 ni kama 2.1, na geji 12 ni kama 3.3. Usiuziwe geji 24 ukidhani ni kubwa juu ya namba. Hiyo ni 0.2 tu, ni uzi.

Kopa ama alumini iliyovaa koti?

Hapa ndio watu wanachezwa kabisa. Kuna waya sokoni yenye ndani ni alumini, halafu imepakwa kopa kwa juu tu. Kwa lebo inaandikwa CCA, kama lebo ni ya ukweli. Ukiitazama juujuu inafanana na kopa kamili. Bei ni rahisi, na muuzaji mkora anaeza kukuuzia kwa bei ya kopa.

CCA si sumu. Inapitisha umeme, na spika italia. Shida ni kwamba ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya kopa. Kwa hivyo ile hesabu yetu inakatwa theluthi: waya ya CCA ya 1.5 inakupeleka mita 10 kwa spika ya 8 ohm, si 15. Pia inakatika haraka ukiikunja kunja. Ukiinunua ukijua, kwa bei yake, na ukaongeza unene, ni sawa. Ukiuziwa kama kopa, umeibiwa.

Utajuaje? Fanya hivi pale pale dukani, na muuzaji mwenye hana cha kuficha hatakasirika:

Kwanza, omba kipande kidogo, chuna plastiki, kwangua uzi mmoja kwa wembe ama kisu. Kopa ni nyekundu mpaka ndani. CCA inatoa rangi ya fedha chini ya koti. Chunga lakini: kuna kopa nzuri yenye imepakwa bati kwa nje, hiyo inang'aa fedha juu na ni nyekundu ndani. Ndio maana kuna waya za plastiki inayoonekana ndani zenye upande mmoja ni fedha na mwingine ni nyekundu. Mara nyingi huo ni upako wa bati, umewekwa ili ujue upande gani ni gani. Kwangua zote mbili, usibishane na macho.

Pili, pima uzito kwa mkono. Alumini ni nyepesi, kopa ni nzito zaidi ya mara tatu kwa ukubwa uleule. Shika bunda mbili zenye urefu na unene sawa, utajua tu. Wasee wa skrepa wanajua hii trick tangu zamani.

Tatu, uzi mmoja kwa moto wa kiberiti cha gesi. Alumini inayeyuka kwa nyuzi joto 660, kopa inangoja mpaka 1,085. Uzi mwembamba wa CCA utalegea na kukatika kwa moto, wa kopa utawaka mwekundu na kubaki umesimama. Fanya hii nje, mbali na plastiki, na usishike kwa vidole.

Halafu kuna ujanja mwingine: plastiki nene, kopa kidogo ndani. Kwa nje waya inakaa 2.5, ukichuna unapata nywele. Dawa ni kuhesabu. Waya laini ya 1.5 kwa kawaida huwa na nyuzi kama 30 zenye unene wa robo milimita kila moja, na ya 2.5 huwa na kama 50. Ya 0.75 huwa na 24 nyembamba zaidi. Ukihesabu ukapata nyuzi 12 kwa kitu kinachoitwa 1.5, rudisha.

Maneno makubwa kwa lebo

Sasa tuingie kwa uchawi wenyewe.

*Mishale ya mwelekeo.* Waya zingine zimechorwa mshale, eti muziki uende upande huo. Tumesema umeme wa spika unaenda na kurudi maelfu ya mara kwa sekunde. Kama mshale ungekuwa na maana, nusu ya ngoma yako ingekuwa inaendesha upande wa makosa.

*OFC, kopa isiyo na oksijeni.* Ni kitu cha kweli, kopa safi ya hali ya juu. Lakini kopa ya kawaida ya umeme nayo ni safi sana, na tofauti ya kupitisha umeme kati ya hizo mbili ni kama asilimia 1. Faida kubwa ya kuona OFC kwa lebo ya ukweli ni kwamba angalau si alumini. Lipa kwa hiyo, usilipe mara kumi.

*Fedha ndani.* Fedha inashinda kopa kwa kupitisha umeme, lakini kwa kama asilimia 6 tu. Waya ya kopa yenye ni nene kidogo inafanya kazi hiyohiyo na unabaki na fare.

*Dhahabu kwa plagi.* Hii watu wanaielewa vibaya. Dhahabu haipitishi umeme vizuri kuliko kopa. Kazi yake ni kwamba haishiki kutu. Kama unaishi Mombasa, Malindi ama Lamu, ambako hewa ina chumvi na unyevu, hiyo ina maana, juu kopa ikiachwa wazi huko inageuka kijani kibichi. Kwa wa Nairobi, plagi za kawaida zinatosha.

Na usidhani ni sisi tu tunauziwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, msee anaitwa Noel Lee kule California alianza kuuza waya nene za spika na kuanzisha Monster Cable. Kabla ya hapo watu walikuwa wanatumia tu waya ya taa ya mezani. Mwaka wa 1983 jarida la Stereo Review la Marekani lilifanya jaribio: likaweka Monster, waya ya taa ya geji 16, na waya nyembamba ya geji 24, na wasikilizaji hawakuambiwa gani ni gani. Ile nyembamba ilijulikana wakati walipigiwa kelele ya majaribio. Lakini kati ya Monster na waya ya taa, volyumu zikishasawazishwa, watu walishindwa kutofautisha kwa uhakika.

Halafu 2007 ikaja kali. James Randi, msee wa mazingaombwe aliyejulikana kwa kuanika watu wa miujiza feki, alisema zawadi yake ya dola milioni moja iko wazi kwa yeyote atakayethibitisha kwa masikio kwamba waya za Pear Anjou, zilizouzwa dola 7,250 kwa jozi ya kama mita 3 na nusu, zinashinda waya za kawaida. Mwandishi wa mambo ya sauti, Michael Fremer, akasema yuko tayari. Kampuni ya waya ikajitoa, na jaribio halikufanyika. Jaribio lisilofanyika halithibitishi chochote, lakini jiulize: kwa milioni ya dola, wewe ungejitoa?

Waya ya stima ya hardware inaeza?

Inaeza, na hii ndio siri ya watu wengi wenye sistimu kali na akili timamu. Waya laini ya stima ya njia mbili, 2x1.5 ama 2x2.5, kopa safi, inafanya kazi ya spika bila shida. Umeme haujui ulinunua waya duka gani. Ile ngumu ya kuwekwa ndani ya ukuta pia inapitisha, lakini haikunjiki, na ukiisumbua sana inakatika ndani ya plastiki bila wewe kuona.

Lakini skiza hii vizuri. Ukitumia waya ya stima kwa spika, ina rangi zilezile za stima. Siku moja fundi ama ndugu yako atakuta mwisho wa hiyo waya umening'inia, adhani ni ekstensheni, aiwekee plagi. Soketi ya Kenya ni volti 240. Hapo amplifaya imeenda, spika zimeenda, na anayeshika upande ule mwingine anaeza kwenda pia. Kwa hivyo weka tepu na uandike SPIKA ncha zote mbili. Na usiwahi kuifungia plagi ya ukutani, hata kwa utani.

Upande wa pili wa hiyo story ni mbaya zaidi, na uko kwa ploti nyingi: waya nyembamba ya spika, ile nyekundu na nyeusi, ikitumiwa kuvuta stima. Leo ni balbu, kesho mtu anaongeza pasi. Pasi ya wati 2,000 inavuta zaidi ya ampea 8. Waya ya nywele inapata joto, plastiki inayeyuka, na moto unaanzia nyuma ya pazia watu wakiwa wamelala. Waya ya stima inaeza kufanya kazi ya spika. Waya ya spika isiwahi kufanya kazi ya stima. Kama kuna moja imening'inia kwako sahii, ing'oe leo, mengine yatangoja.

Kufunga ndio kazi yenyewe

Unaeza kununua waya bora Nairobi nzima na uharibu kila kitu kwa dakika mbili za kufunga vibaya. Fuata hivi.

Zima amplifaya na uitoe kwa soketi. Si kushusha volyumu, kuzima.

Pima urefu kwa kamba kwanza, ukifuata ukuta, halafu ongeza kama nusu mita ili uweze kusogeza spika. Usipitishe waya katikati ya mlango wala chini ya mguu wa sofa. Kama nyumba iko na panya, inua waya juu kidogo kwa klipu za kupigilia.

Chuna plastiki kama sentimita moja tu. Sokota nyuzi zikazane ziwe kitu kimoja. Sasa angalia kwa macho mawili: kuna uzi mmoja umechomoka? Huo uzi mmoja ukigusa skurubu ya pembeni, nyekundu ikakutana na nyeusi, ni shoti. Amplifaya nzuri itajifunga na kuandika "protect". Ya bei rahisi itatoa moshi. Hii ndio inaua amplifaya nyingi, si ubora wa waya. Plagi za banana zinasaidia hapa kuliko kwingine kote, juu zinaficha nyuzi zote ndani.

Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Kama waya zinafanana rangi, tafuta mstari ama maandishi kwa upande mmoja wa plastiki, useme huo ndio wa nyekundu, usibadilishe tena. Ukigeuza spika moja, koni yake itakuwa inarudi nyuma wakati mwenzake anaenda mbele. Hazitaungua, lakini besi itapotea kwa sebule na sauti ya msanii haitakaa katikati. Watu wengi wananunua waya mpya na hata spika mpya wakati shida ilikuwa ni hii tu.

Hujui waya gani ni gani? Toa ncha kwa amplifaya, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusa ncha mbili kwa sekunde moja tu. Kama koni imeruka mbele, ile ncha iko kwa upande wa kujumlisha wa betri ndio nyekundu yako. Fanya hivi kwa spika kubwa ya besi tu, si tweeter.

Kabla uwashe, kama uko na mita ya fundi, pima kati ya nyekundu na nyeusi spika zikiwa zimeunganishwa lakini waya ziko nje ya amplifaya. Spika ya 8 ohm itasoma kama 6 hivi, na ya 4 itasoma kama 3 na kitu. Ukiona sifuri, kuna shoti mahali. Ukiona mita haisomi kabisa, kuna waya imekatika.

Na usiongeze spika ovyo kwa skurubu zilezile. Spika mbili za 8 ohm pamoja zinakuwa 4 kwa macho ya amplifaya. Mbili za 4 zinakuwa 2, na amplifaya nyingi za nyumbani hazitaki hiyo. Soma nyuma yake imeandikwa ohm za mwisho ni ngapi.

Kile waya haitawahi kurekebisha

Kama sistimu inanguruma "mmmm" hata bila ngoma, usiguse waya za spika. Huo mngurumo kwa kawaida unatoka kwa zile waya nyembamba za kuleta muziki, kutoka simu, TV ama laptopu kuja kwa amplifaya, ama kwa mambo ya athi kati ya vifaa viwili vilivyo kwa soketi tofauti. Anza huko.

Kama besi inavuma kama iko ndani ya tangi, pengine spika iko kona. Kona na ukuta zinaongeza besi. Vuta spika mbele kama hatua moja, skiza tena. Kama sauti inagongana na kurudi, keja yako ni tailizi na kuta tupu. Zulia, mapazia mazito na sofa yanafanya kazi yenye hakuna waya ya dola elfu saba inaeza. Tweeter ikae urefu wa masikio yako ukiwa umekaa. Yote hayo ni bure, ama unayo tayari.

Basi uanzie wapi?

Kama waya zako ni fupi, za kopa, na zimefungwa vizuri, usinunue kitu. Kata ncha zilizochakaa, chuna upya, kaza, maliza. Hata wewe wa pwani, hii mara moja kwa mwaka inatosha.

Kama ni zile za boksi na safari ni ndefu, nunua 1.5 kwa spika za 8 ohm, 2.5 kwa za 4 ohm, kopa yenye umeikwangua mwenyewe. Zaidi ya hapo unalipia hadithi.

Na kama una thao kumi za kuboresha sistimu, weka sehemu ndogo tu kwa waya na plagi, zingine zote kwa spika. Spika ndizo zinaimba. Waya ni barabara tu, na ukishakuwa na lami safi, kuongeza leni ya nane hakufanyi mathree iende haraka.